Dawa ya kutoa maji: panga saa, usiguse dozi

Anayetumia amlodipini, dawa ya presha, humeza kidonge chake na kusahau. Anayetumia dawa ya kutoa maji huifikiria tangu anapoamka: leo Ijumaa, leo bamvua na mwani unangoja, leo napanda boti ya Mkoani, leo kuna harusi na choo cha watu sikijui. Basi kidonge kinarukwa. Baada ya siku mbili miguu imejaa, pumzi zinapanda, na mtu anameza viwili kwa pamoja ili afidie. Mengi ya matatizo tunayoyaona nyuma ya kaunta ya duka la dawa yanatokana na mchezo huo wa ruka leo, fidia kesho, wala si ubaya wa dawa yenyewe.

Haya yaliyomo humu ni ya mtu aliyekwisha kuandikiwa dawa hii na daktari, au anayemuuguza mzee wake aliyeandikiwa. Hayachukui nafasi ya daktari. Na kwa wale wanaoinunua wenyewe ili wapungue mwili, nina maneno machache huko mbele.

Hatua ya 1: Jua umeshika dawa gani

Mazungumzo ya kila wiki ni haya:

"Mwanangu, nipatie zile za kukojoza."

"Bibi, zipi? Ziko namna nyingi."

"Zile nyeupe, ndogo."

Nyeupe na ndogo ni nusu ya duka. Tena rangi na ukubwa wa kidonge hubadilika kiwanda kinapobadilika, hata kama dawa ni ileile. Njoo na paketi tupu, au kipande cha karatasi ya hospitali, au mpige picha bibi kidonge chake pamoja na bahasha iliyoandikwa. Usimtume mtoto na maneno ya mdomo tu.

Dawa hizi ziko katika makundi matatu, na kila kundi lina tabia yake.

La kwanza ni thiazidi na jamaa zake: haidroklorothiazidi (ya miligramu 12.5 au 25), bendrofluazidi, indapamidi, klorthalidoni. Hizi ndizo za presha. Zinafanya kazi pole pole, kwa haidroklorothiazidi mkojo huanza kuzidi kama saa mbili baada ya kumeza, halafu kazi inasambaa sehemu kubwa ya siku. Wiki chache zikipita, wengi huona mkojo umerudi kuwa wa kawaida, wakadhani dawa imekwisha nguvu. Haikwisha. Mwili umezoea upande wa maji, lakini mishipa ya damu imelegea na presha inaendelea kushuka. Kipime kidonge chako kwa mashine ya presha, usikipime kwa safari za chooni.

La pili ni furosemidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix. Hii ndiyo yenye kishindo. Ukiimeza huanza ndani ya saa moja, hufika kilele baada ya saa moja hadi mbili, na hutulia baada ya kama saa sita. Huandikiwa hasa wenye mwili kujaa maji kwa sababu ya moyo, figo au ini. Kwa presha peke yake mara nyingi si chaguo la kwanza, maana inakuja kwa nguvu na kuondoka mapema.

La tatu ni spironolaktoni na wenzake. Kwa kutoa maji si kali, lakini tofauti na hizo mbili, hii huzuia madini ya potasiamu yasitoke mwilini. Daktari huitumia kwa moyo ulioshindwa, kwa tumbo lililojaa maji kutokana na ini, au kwa presha iliyogoma dawa nyingine. Tofauti hiyo ya potasiamu itakuja kutuamulia hata suala la madafu.

Kuna mtego mmoja hapa. Dawa nyingi za presha siku hizi zimechanganywa katika kidonge kimoja. Ukiona losartani yako ina herufi H, HCT au neno jengine refu na miligramu 12.5 pembeni, ujue ndani yake tayari mna dawa ya kutoa maji. Mtu akiandikiwa hiyo hospitali moja, halafu kituo chengine kikampa haidroklorothiazidi peke yake, anakunywa dozi mbili bila ya kujijua. Kila unapokwenda kutibiwa, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja.

Na kama unaidharau dawa ya kutoa maji kwa kuwa ni ya bei ndogo, utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, uliowahusisha wagonjwa zaidi ya 33,000, uliilinganisha klorthalidoni na dawa nyingine mbili za presha, amlodipini na lisinopirili, na dawa hiyo kongwe haikuachwa nyuma katika kuzuia mshtuko wa moyo. Bei ni habari ya duka, haisemi chochote juu ya nguvu ya dawa.

Hatua ya 2: Uliza uvimbe unatoka wapi

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, shikilia kidogo, kisha achia. Pakibaki shimo, kuna maji. Lakini maji hayo yana sababu zaidi ya moja, na si zote zinatibiwa kwa dawa hii.

Amlodipini yenyewe huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Hapo mwili haukuzidiwa na maji, ila mishipa midogo imefunguka na maji yakachuruzika pembeni. Mgonjwa huongezewa furosemidi, miguu haipungui, anaongezewa tena, na sasa ana kizunguzungu juu ya uvimbe. Kama miguu ilianza kuvimba baada ya kuanza au kupandishiwa amlodipini, mtajie daktari jambo hilo waziwazi kabla hajaandika kitu kipya. Mara nyingi dawa ni kupunguza amlodipini au kuibadilisha.

Mguu mmoja tu uliovimba ghafla, unauma na una joto, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Huo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Matende nayo hayatoki kwa dawa ya kutoa maji hata uinywe mwaka mzima, maana maji yamezibiwa njia na minyoo iliyoharibu mirija yake. Mguu wa matende unataka kuoshwa kwa sabuni, kukaushwa vizuri, kuinuliwa na kufanyishwa mazoezi.

Na mjamzito aliyevimba miguu, uso au mikono asipewe kidonge cha mtu. Akiwa na kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu au maumivu ya juu ya tumbo, hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja. Safari yake ni ya hospitali, haraka.

Hatua ya 3: Panga saa

Hapa ndipo penye kazi. Kanuni ya jumla ni asubuhi. Thiazidi, mara moja asubuhi. Furosemidi, asubuhi, na kama umeandikiwa mara mbili, cha pili kimezwe mchana, kama saa nane, kisivuke saa kumi. Ukikimeza magharibi utakesha unatembea chumbani gizani, na mzee anayekwenda chooni usiku mara nne ndiye anayeanguka uani akavunjika nyonga.

Sasa siku ngumu.

Ijumaa. Mwenye furosemidi akimeza baada ya sala ya alfajiri, tuseme saa kumi na mbili asubuhi, kishindo kinakuwa kimekwisha ikifika saa sita. Anaoga, anatia udhu, anakwenda msikitini na utulivu wake. Anayeamka kwa kuchelewa na kumeza saa nne ndiye anayehangaika katikati ya hotuba. Kama siku hiyo imeshavurugika, iahirishe mpaka utakaporudi, umeze kama saa nane. Kuisogeza furosemidi kwa saa chache ndani ya siku hiyohiyo kwa kawaida hakuna ubaya. Kuiruka siku nzima kuna ubaya. Na mwenye mkojo usiozuilika kabisa ana hukumu yake ya udhu. Amwulize sheikh wake, asiifanye sababu ya kuacha tiba.

Mwani. Akinamama wa Paje, Jambiani, au wa upande wa Micheweni wanaingia maji yanapokupwa na kubaki huko saa kadhaa, juani, mbali na choo. Mwenye furosemidi ameze mapema sana kabla, au akirudi pwani kama saa kumi haijapita. Mwenye thiazidi ameze kama kawaida, maana haina kishindo. Wote wawili wachukue maji ya kunywa na kofia. Thiazidi huifanya ngozi ishikwe na jua upesi, na mwaka 2018 wasimamizi wa dawa wa Ulaya walitoa tahadhari kwamba haidroklorothiazidi ikitumika kwa muda mrefu inaongeza hatari ya aina fulani za saratani ya ngozi. Mwenye ualbino aliyeandikiwa dawa hiyo na amkumbushe daktari. Kuna dawa nyingine za kuchagua.

Boti. Usiimeze furosemidi dakika chache kabla ya kupanda. Ama saa nyingi kabla, ama baada ya kushuka. Ukiwa miongoni mwa wanaotapika bahari ikichafuka, ukifika, kunywa maji kwanza, tulia, ukianza kujisikia mzima ndipo umeze. Vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi, visiende na mzigo chini.

Ukisahau kabisa: ukikumbuka kabla ya saa kumi jioni, meza. Ukikumbuka usiku, acha, meza cha kesho kwa wakati wake. Usimeze viwili kufidia. Figo hazina daftari la madeni.

Ramadhani inataka mpango wake, na mpango huo hufanywa Shaabani, si usiku wa kuamkia mwezi mosi. Funga ya kwetu ni zaidi ya saa kumi na tatu, na joto lake unalijua. Kosa kubwa ni kuhamishia dawa kwenye daku. Ukimeza daku, maji uliyokunywa yanatoka asubuhi, na mpaka magharibi huwezi kuyarudisha. Ikifika alasiri unaona nyota. Kwa mwenye presha tu, anayetumia thiazidi mara moja kwa siku, madaktari wengi huihamishia wakati wa kufuturu. Utaamka usiku mara moja au mbili, lakini una saa zote za usiku za kunywa maji. Pengine dozi itapunguzwa, lakini daktari ndiye wa kupunguza. Mwenye moyo ulioshindwa, mwenye figo dhaifu, au anayemeza furosemidi mara mbili kwa siku asijipangie mwenyewe hata kidogo. Wengi wao hushauriwa wasifunge, na ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye dini tangu zamani. Ninawaheshimu wazee wanaosema "nitafunga mpaka nianguke", lakini mwenye kubeba gharama ya kuanguka huko ni mtoto anayekodi gari saa nane za usiku.

Hatua ya 4: Inuka kwa vituo

Dawa ikitoa maji, damu huchukua muda kupanda kichwani unaposimama. Ndiyo kile kisunzi cha kuinuka. Kutoka kitandani: kaa ukingoni kwanza, cheza vidole vya miguu, vuta pumzi kadhaa, ndipo usimame, na ushike kitu. Kutoka kwenye mkeka au kwenye sijda: pumzika kwenye kikao kidogo kabla ya kuinuka, na kama hali ni mbaya, sali juu ya kiti.

Wachumaji wa karafuu nawasema peke yao. Kupanda mkarafuu, kukaa juu ya tawi na kushuka na pakacha ni kubadilisha mkao tangu asubuhi mpaka jioni, tena juani. Mwenye kuanza dawa hii upya, au aliyepandishiwa dozi, asipande mti wiki za mwanzo. Afanye kazi ya chini: kuchambua, kuanika, kupima. Akiona hana kisunzi kabisa na vipimo vyake vimetulia, amwulize daktari kabla ya kurudi juu.

Ukiwa na mashine ya presha nyumbani, jipime umekaa, kisha simama ujipime baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mpelekee daktari namba hizo. Dozi inaweza kuwa imezidi.

Hatua ya 5: Chumvi ipungue, potasiamu ijulikane

Dawa hii hutoa maji kwa kutoa chumvi. Ukiirudisha chumvi mezani, umemwaga ulichoteka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku. Hizo ni kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, kwa vyakula vyote vya siku, vikiwemo ambavyo hukuvitia wewe.

Na kwetu chumvi haikai kwenye kikopo chake. Imo kwenye ng'onda, kwenye dagaa waliochemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa, kwenye achari ya embe, kwenye vidonge vya kuungia supu, kwenye boflo. Bakuli la urojo lina chumvi ya mchuzi, ya bajia, ya kachori na ya achari, kila moja imetiwa na mkono wake. Magadi wanayotia watu kwenye maharage na kisamvu ili viive upesi nayo ni sodiamu, mdomo hauyahisi lakini figo zinayaona. Ng'onda si lazima uiage kabisa: iloweke usiku kucha, mwaga maji, ichemshe, mwaga tena, kisha iunge kwa nazi, ndimu na pilipili bila kutia chumvi nyingine. Usile kila siku. Bilauri ya maji ya ndimu juu ya ng'onda isiyorowekwa haifuti kitu, ingawa utasikia watu wakiapa.

Potasiamu ndiyo inayochanganya watu. Thiazidi na furosemidi huiondoa pamoja na mkojo. Ikipungua sana misuli hulegea au kukaza usiku, tumbo hujaa gesi na choo kugoma, na moyo hupoteza mpangilio wa mapigo yake. Kwa mtu huyo, ndizi mbivu, shelisheli, mbatata, viazi vitamu, mchicha, kunde na maharage ni vyakula vyema. Dafu pia. Dafu moja kubwa hukaribia potasiamu ya ndizi mbili.

Lakini dafu hilohilo kwa mwenye spironolaktoni ni habari nyingine. Hivyo hivyo kwa mwenye figo zilizodhoofika, na kwa anayechanganya spironolaktoni na dawa za presha za enalapirili, lisinopirili au losartani, ambazo nazo huibakisha potasiamu. Kwake yeye potasiamu hupanda kimya kimya, na ikizidi moyo unaweza kusimama bila ya kupiga hodi. Nimewasikia watu wakimshauri kila mwenye presha anywe madafu mawili kwa siku "yanashusha". Ushauri huo hauwezi kuwa mmoja kwa wote. Kabla ya kuufuata, rudi hatua ya 1, tazama umeshika kundi gani, na uliza kipimo cha figo zako kinasemaje. Tahadhari iyo hiyo inahusu ile chumvi inayouzwa kuwa ya wagonjwa wa presha: nyingi ya chumvi hizo zimetengenezwa kwa potasiamu.

Maji ya kunywa usiyakate kwa kuwa unatumia dawa ya kutoa maji. Kunywa kwa kiu yako, labda daktari awe amekuwekea kikomo kwa sababu ya moyo au figo. Akikuwekea, pima asubuhi kwenye chupa, na uhesabu pia chai, uji, supu na juisi.

Hatua ya 6: Dawa za mgongo na magoti

Huyu ndiye adui ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu amekaa kabatini kwa kila mtu. Diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zake hushikilia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha, na huibana damu inayokwenda kwenye figo. Ukizichanganya na dawa ya kutoa maji pamoja na enalapirili, lisinopirili au losartani, figo hubanwa kutoka pande tatu, na zinaweza kufeli ndani ya siku chache, hasa kwa mzee aliyepungukiwa na maji. Sindano ya diklofenaki ni dawa ileile. Kupita kwenye msuli badala ya mdomo hakuipunguzii ubaya huo.

Kwa maumivu ya kawaida tumia paracetamol: vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa siku, na pungufu ya hapo kwa mwenye mwili mdogo au ini bovu. Goti likandwe kwa maji ya vuguvugu. Maumivu yasiyoisha yanataka daktari.

Mambo mengine ya kumtajia daktari ni haya: kama una jongo, maana thiazidi na furosemidi huweza kuliamsha, na kidole gumba cha mguu kitakuambia; kama una kisukari, maana sukari inaweza kupanda kidogo; kama unatumia digoksini (dawa ya moyo) au lithiamu (dawa ya maradhi ya akili); kama uliwahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa dawa za salfa kama Septrin. Mlonge, habasoda na dawa nyingine za miti zitaje pia bila ya kuona haya, kwani baadhi hushusha presha na mbili zikikutana hushuka kupita kiasi.

Wanaume: thiazidi inaweza kupunguza nguvu za kiume, na spironolaktoni inaweza kuvimbisha matiti. Wengi huacha dawa kimya kimya, mke hajui, daktari hajui, mpaka presha inapompiga kiharusi. Sema. Dawa inabadilishwa.

Hatua ya 7: Mizani, mashine na damu

Kwa mwenye moyo ulioshindwa, mizani ndiyo rafiki. Jipime kila asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, na nguo za namna moja. Andika kwenye daftari. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, hakuna pilau linalonenepesha upesi hivyo. Wasiliana na daktari siku hiyo, usingoje miguu ijae. Ukishuka haraka, na mdomo umekauka, mkojo mweusi kama chai na kichwa chepesi, dawa imezidi. Usiye na mizani, tazama mikanda ya makubadhi, pete kidoleni, na idadi ya mito unayolalia. Anayehitaji mto wa tatu ili apate pumzi ameshaanza kujaa.

Presha pima ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na si ndani ya nusu saa baada ya kahawa ya barazani. Kwa wengi lengo ni chini ya 140 kwa 90, na baadhi hutakiwa wafike chini zaidi.

Damu ndiyo inayosahauliwa. Kabla ya kuanza, au karibu na kuanza, figo, sodiamu na potasiamu zipimwe. Zirudiwe baada ya wiki mbili hadi nne, na kila dozi inapobadilishwa. Kwa spironolaktoni mapema zaidi, baada ya wiki moja na tena baada ya mwezi. Hali ikitulia, angalau mara moja kwa mwaka. Kituo cha afya cha shehia yako kinaweza kukupima presha na uzito bila ya safari ndefu. Kwa vipimo vya damu waulize wakuelekeze, kama ni Mnazi Mmoja au Lumumba kwa Unguja, au Chake Chake, Wete na Abdulla Mzee kwa Pemba.

Hatua ya 8: Siku unayoharisha

Kuharisha, kutapika, homa kali, au kushindwa kula na kunywa: siku kama hizo mwili unapoteza maji kwa mlango mwengine, na kidonge kikiendelea kuyafukuza, figo zinakauka. Wasiliana na daktari au kituo cha afya siku hiyohiyo uulize kama usimamishe dawa ya kutoa maji pamoja na enalapirili au losartani. Kwa kawaida husimamishwa mpaka utakapokuwa umekula na kunywa sawasawa kwa siku moja au mbili, kisha zinarudishwa kwa dozi ileile. Mwenye moyo ulioshindwa asisimamishe bila ya kuzungumza na mtu. Kunywa maji ya ORS kidogo kidogo. Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu, na choo kinatoka kama maji ya mchele, usikae nyumbani kuhesabu vidonge.

Wanaokunywa Lasix ili wakonde kabla ya harusi: kinachotoka ni maji, mafuta yanabaki palepale. Ukinywa bilauri chache za maji uzito umerudi. Kilichotoka pamoja na maji ni potasiamu, na moyo wa bibi harusi wa miaka ishirini na mitatu hupotewa na mapigo kama wa mzee. Ukiongeza na zile chai za kuharisha, hatari inazidi mara dufu. Sisi wa maduka tuna lawama hapa pia, maana dawa hii ni ya cheti na haifai kuuzwa kama peremende.

Hatua ya 9: Pa kuviweka, na lini kukimbia

Hewa yetu ni ya chumvi na unyevu. Viache vidonge kwenye paketi yake, ndani ya kopo lenye kifuniko, kabatini, mbali na jiko na bafu. Furosemidi haipendi mwanga. Ikigeuka manjano, usiimeze. Irudishe duka la dawa ikateketezwe, usiitupe jaani watoto wanakochezea.

Nenda hospitali bila kungoja miadi ukiona mojawapo ya haya: pumzi zinakata ukilala chali, kifua kinabana, unazimia, moyo unapiga ovyo au unarukaruka, misuli imelegea mpaka huwezi kuinuka, mgonjwa amechanganyikiwa maneno, masikio yanavuma au yameziba ghafla kwa anayetumia furosemidi nyingi, au mkojo haukutoka kwa nusu siku ingawa dawa imemezwa. Chukua mfuko wa dawa zote, za hospitali na za miti, na daftari la uzito. Mwambie wa zamu umemeza nini mara ya mwisho na saa ngapi.